Je, Ustadi wa Kazi Waweza Kusafiri kwa Waya?

Hesabu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeweza kuifanya kichwani. Mwaka 2005 nchini Kenya walikuwapo wauguzi wapatao 22,000 wenye elimu ya ngazi ya cheti, ambao ilitakiwa wapandishwe hadi ngazi ya stashahada. Kwa masomo ya kawaida, yaani kukaa bwenini na kufundishwa darasani, vyuo viliweza kupokea wauguzi kama 100 tu kwa mwaka kwa ajili ya kazi hiyo. Gawanya 22,000 kwa 100: jibu ni miaka 220. Muuguzi wa mwisho katika foleni hiyo angepata zamu yake baada ya vizazi saba hivi kupita.

Tena uhaba wa nafasi vyuoni haukuwa kikwazo pekee. Wauguzi wa ngazi ya cheti ndio waliokuwa wengi katika huduma za afya za Kenya. Katika zahanati nyingi za vijijini muuguzi wa aina hiyo ndiye aliyekuwa mkunga, mtoa chanjo, mgawaji wa dawa na mshauri wa familia, na pengine hapakuwa na mwingine. Kumwondoa huyo kwa mwaka mmoja au miwili ili akasome kulikuwa sawa na kuifunga zahanati yenyewe. Kumwacha bila kumwongezea elimu nako kulikuwa na hatari yake, maana wapo waliohitimu kabla ya janga la UKIMWI kuenea na kabla ya dawa za kupunguza makali yake kupatikana, nao walitakiwa kuwahudumia wagonjwa ambao vitabu vyao vya chuoni havikuwataja.

Ndipo shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu waliotaka kuwafikia wagonjwa kwa ndege ndogo, likashirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture kuanzisha utaratibu mwingine. Badala ya muuguzi kukifuata chuo, chuo kilimfuata muuguzi kwa njia ya kompyuta. Lengo lilikuwa kuwafikia wote 22,000 katika miaka 5. Lengo hilo halikutimia kwa muda uliowekwa, lakini maelfu ya wauguzi walisoma kwa njia hiyo bila kuacha kazi zao.

Mpango huo unaleta swali linalowahusu walimu na wanafunzi wa fani zote, si wauguzi peke yao. Kwamba maneno, picha na hesabu vyaweza kupelekwa mbali kwa waya, hilo halina ubishi. Lakini kazi hufanywa kwa ustadi, na ustadi umo katika mkono, jicho na sikio kama ulivyo kichwani. Kujua mahali mshipa ulipo ni jambo moja. Kuingiza sindano katika mshipa wa mtoto anayelia usiku, kwa mwanga wa taa ya chemli, ni jambo jingine. Je, hilo la pili nalo laweza kusafiri?

Redio, barua na mratibu

Kufundisha kazi kutoka mbali hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyowafikia watu wapatao milioni 2. Waliokuwapo wakati huo huikumbuka kwa matangazo yake, lakini redio ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa vikundi vya kusikiliza, vyenye viongozi wapatao 75,000 ambao kwanza walifundishwa wao wenyewe. Kipindi kilipokwisha, kikundi kilijadili yaliyosemwa, kisha wanakikundi walitoka nje kuchimba vyoo na kufukia madimbwi.

Mfano mkubwa zaidi ulifuata. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania apate nafasi ya shule ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu wangetoka wapi? Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa wakati. Vijana wapatao 45,000 waliomaliza elimu ya msingi wakachukuliwa, wakapangwa katika shule, wakawa wanafundisha sehemu ya siku huku wakijifunza ualimu kwa posta na kwa vipindi vya redio. Kati ya mwaka 1976 na 1984 zaidi ya 35,000 kati yao walihitimu. Wapo waliolalamika, na si bila sababu, kwamba elimu ya walimu hao ilikuwa nyembamba. Hata hivyo idadi ya waliofika mwisho ni kubwa mno kwa masomo ya mbali, na yafaa sababu yake itazamwe. Kijana yule hakuachwa peke yake na bahasha. Alikuwa na walimu wazoefu katika shule ileile, waliomwona akifundisha. Mratibu wa elimu wa kata alifika kumkagua. Na jambo alilolisoma jana usiku alilijaribu leo asubuhi mbele ya watoto, ambao nyuso zao zilimwambia mara moja kama ameeleweka.

Jinsi somo linavyosafiri

Kompyuta imebadili nini, basi? Imebadili kasi na wingi. Zoezi lililopelekwa kwa posta lilichukua wiki kadhaa kwenda na kurudi, na mwanafunzi aliyekosea alikuwa amekwisha kulizoea kosa lake kabla masahihisho hayajamfikia. Kompyuta humjibu papo hapo. Lakini wauguzi wa Kenya walipoanza masomo, Afrika Mashariki haikuwa bado na mkongo wa baharini, na sehemu kubwa ya intaneti yake ilipitia kwenye setilaiti.

Setilaiti za mawasiliano za aina hiyo hukaa juu ya ikweta, kilometa 36,000 hivi kutoka ardhini. Ishara ikipanda na kushuka husafiri kilometa 72,000, na kwa kuwa hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde, safari hiyo hutumia sekunde 0.24. Jibu nalo hutumia muda huohuo. Kwa hiyo kila swali na jibu lake hupoteza karibu nusu sekunde angani. Kwa mtu anayesoma maandishi hilo si tatizo. Tatizo lilikuwa bei: nafasi kwenye setilaiti ilikuwa ghali, na hospitali ya wilaya iliweza kumudu njia nyembamba tu.

Unyembamba huo unaeleweka vizuri kwa hesabu. Ukurasa wa maandishi una herufi kama 2,000, na kila herufi ya alfabeti yetu huhifadhiwa katika baiti moja. Basi ukurasa ni kilobaiti 2. Picha ya rangi yaweza kufika kilobaiti 200. Filamu ya dakika moja, hata ikipunguzwa ubora, yaweza kufika kilobaiti 5,000. Tuseme njia inapitisha kilobaiti 8 kwa sekunde. Ukurasa utafika kwa robo sekunde, picha kwa sekunde 25, na filamu ile ya dakika moja itafika baada ya zaidi ya dakika 10. Ndiyo maana katika miaka hiyo masomo ya kompyuta mara nyingi hayakupita angani kabisa. Yalinakiliwa kwenye sidii, yakasafirishwa barabarani kama barua za zamani, kisha yakawekwa katika kompyuta za kituo.

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele. Mwanga huingia kwenye ncha moja na kugonga ukuta wa kioo kwa mshazari mkali kiasi kwamba hauwezi kupenya kwenda nje. Huakisiwa ndani kwa ndani, tena na tena, mpaka ncha ya pili. Katika kioo mwanga hupungua kasi hadi kilometa 200,000 kwa sekunde, lakini njia ya chini ya bahari ni fupi kuliko ile ya angani: kilometa 10,000 humalizwa kwa sekunde 0.05. Na kwa kuwa kioo hufifisha mwanga kidogo kidogo, chombo cha kuukuza huwekwa njiani kila baada ya makumi kadhaa ya kilometa. Uzi mmoja kama huo hupitisha habari nyingi kuliko setilaiti nyingi kwa pamoja.

Nyuzi nazo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja katika bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikafifia au kupotea katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Shule iliyokuwa na nakala ya masomo katika kompyuta zake yenyewe haikuwa na sababu ya kusimama siku hiyo. Ile sidii ya mwaka 2005 haikuwa ya kuchekwa.

Watu 155,000 katika darasa moja

Njia ilipopanuka, vyuo vikuu vikubwa vilifungua milango. Mwaka 2012 chuo cha MIT cha Marekani kilitoa kwa intaneti, bila malipo yoyote, somo la saketi na elektroniki, lilelile wanalosoma wanafunzi wake. Watu wapatao 155,000 walijiandikisha kutoka pande zote za dunia. Waliofaulu mpaka mwisho walikuwa 7,157, yaani pungufu ya watu 5 katika kila 100.

Si haki kusema kwamba wote waliobaki walishindwa. Wengi walijiandikisha kwa udadisi tu, kama mtu anayefunua kitabu dukani, akasoma kurasa mbili, akakirudisha. Tena watu 7,157 ni wengi. Mwalimu mmoja huhitaji miaka mingi kupata idadi hiyo kwa darasa la kawaida. Lakini ukiweka hesabu hiyo kando ya ile ya vijana wa ualimu wa miaka ya 1970, ambao walikuwa na barua na redio tu, utaona kwamba ubora wa chombo hauelezi tofauti yao. Wale wa Tanzania walikuwa na kazi iliyowangoja na watu waliowatazama.

Miongoni mwa wanafunzi wapatao 340 waliopata alama zote katika somo lile la MIT alikuwamo kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia. Habari zake zilienea kote, na wapo waliozichukua kuwa ni ushahidi kwamba mtu mwenye kipaji na kompyuta hahitaji tena mwalimu. Kinachosahauliwa ni kwamba mkuu wa shule yake mwenyewe alikuwa amesoma MIT, na ndiye aliyewaingiza wanafunzi wake katika somo hilo. Kinachosahauliwa zaidi ni kwamba kijana mmoja msomi alisafiri kutoka Marekani akiwa na vifaa vya elektroniki ndani ya masanduku yake, akakaa nao wiki kadhaa wakifanya mazoezi ya maabara. Somo lilipita kwenye waya. Vipingamkondo na nyaya za kuunganishia vilikwenda kwa ndege.

Kusoma mara mbili si kukumbuka

Ziko sehemu za ustadi ambazo kompyuta huzifundisha vizuri sana, pengine kuliko darasa lenye wanafunzi 60. Sehemu mojawapo ni kumbukumbu. Muuguzi hana budi kukumbuka vipimo vya dawa na dalili za hatari bila kufungua kitabu, na fundi umeme hana budi kukumbuka waya upi ni wa ardhi kabla hajaugusa.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi yafaa alifahamu. Kundi moja la wanafunzi lilisoma makala fupi, kisha likaisoma tena. Kundi la pili liliisoma mara moja tu, kisha likafunga karatasi na kuandika yote lililoyakumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walishinda: walikumbuka asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na waliojiuliza wenyewe asilimia 56.

La ajabu ni kwamba wanaorudia kusoma hujiona wanajua zaidi. Macho hupita juu ya maneno yaliyokwisha kuzoeleka, na akili huchukulia mazoea hayo kuwa ni ujuzi. Somo la kompyuta lililotungwa vibaya, yaani kurasa za kufunua na filamu za kutazama tu, huongeza udanganyifu huo. Lililotungwa vizuri humsimamisha msomaji kila baada ya muda mfupi, humuuliza, humngoja ajibu, humwonyesha kosa, na humrudishia swali lilelile baada ya siku chache. Kazi hiyo mashine huifanya bila kuchoka na bila kumwaibisha mtu mzima mbele ya wenzake. Jambo hili la mwisho si dogo kwa muuguzi wa miaka 45 ambaye hajawahi kugusa kompyuta.

Lakini kukumbuka hatua za kazi si kuzitenda. Hapo ndipo ushahidi wa Haydom unapoingia.

Dakika ya kwanza ya maisha

Hospitali ya Haydom iko mkoani Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Mafunzo yaliyochunguzwa huko hayakuwa ya intaneti. Yalikuwa ya ana kwa ana. Hata hivyo watafiti walipima jambo lilelile linaloulizwa hapa, yaani umbali ulioko kati ya kufundishwa na kutenda.

Mtoto akiwa tumboni mapafu yake hujaa majimaji, na oksijeni huipata kutoka kwenye damu ya mama kupitia kondo. Akizaliwa, majimaji hayo hayana budi kuipisha hewa katika muda mfupi sana. Watoto walio wengi hulia wenyewe na kazi imekwisha. Kama mmoja katika 10 huhitaji kusaidiwa kwa kukaushwa na kusuguliwa mgongo. Wachache hawaanzi kupumua hata baada ya hapo, na hao ni lazima wapuliziwe hewa kwa mfuko na barakoa ndogo kabla dakika moja haijapita tangu kuzaliwa. Kila hatua ni rahisi kuieleza. Ukurasa mmoja wenye picha unatosha. Lakini barakoa ikikaa upande, hewa hutoka pembeni na kifua hakiinuki. Kichwa kikiinamishwa kupita kiasi, njia ya hewa huziba. Na mkunga huyafanya haya huku mama mwenyewe akihitaji kuangaliwa kitandani.

Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja yaliyotungwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani pamoja na wenzao. Walifanya mazoezi kwa mwanasesere aliyetengenezwa ili kifua chake kiinuke pale tu hewa inapoingia sawasawa. Miezi 7 baadaye walipimwa tena kwa mwanasesere huyo, wakaonekana wameendelea sana kuliko walivyokuwa kabla ya mafunzo. Mtu angetegemea kwamba watoto halisi nao wamefaidika. Haikuwa hivyo. Watafiti walipotazama yaliyotendeka katika chumba cha kujifungulia, ustadi ule ulioonekana kwenye mwanasesere haukuwa umevuka mlango. Waliofaulu mtihani waliendelea kufanya kazi kwa namna ya zamani.

Hospitali ikabadili utaratibu. Badala ya kurudia mafunzo ya siku nzima, iliweka mazoezi mafupi mahali pa kazi penyewe: dakika 3 hadi 5 kila wiki kwa mwanasesere yuleyule, na dakika 40 kila mwezi. Mtaalamu kutoka mbali hakuhitajika. Mhudumu alifanya, mwenzake alimtazama na kumwambia alipokosea. Mwaka uliofuata, vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000.

Mwanafunzi wa sayansi ataona hapa udhaifu mmoja wa ushahidi huu, na afanye vema kuuona. Ni ulinganisho wa mwaka mmoja na mwaka uliofuata, katika hospitali moja. Mambo mengine nayo yangeweza kubadilika katika kipindi hicho. Lakini jambo la kwanza, lile la mafunzo kuonekana mtihanini na kutoonekana kazini, halitegemei ulinganisho wa vifo, nalo ndilo linalomhusu kila mtunzi wa masomo ya ufundi.

Kompyuta hospitalini, mwalimu kando ya kitanda

Sasa mpango wa wauguzi wa Kenya unaweza kutazamwa kwa jicho jingine. Waliouandaa hawakuwaachia wauguzi kompyuta peke yake. Nadharia ilisomwa kwenye kompyuta zilizowekwa katika vyuo na hospitali, kila mmoja kwa wakati aliopata kati ya zamu zake. Kazi ya mikono ilifanywa wodini chini ya macho ya wauguzi waandamizi. Kisha ulikuwapo mtihani wa Baraza la Wauguzi, ambao haukumbagua mtu kwa njia aliyosomea. Kwa maneno mengine, waya ulibeba mzigo unaoweza kubebwa na waya, na kwa kufanya hivyo uliokoa wakati wa walimu wachache waliopo kwa ajili ya ule usiobebeka.

Mahali mpango wa namna hii unapoweza kuoza panajulikana. Ni kwa msimamizi wa mazoezi. Huyo ana wagonjwa wake, na mara nyingi halipwi chochote kwa kumtazama mwanafunzi. Akielemewa, hutia sahihi kwenye daftari la mazoezi bila kuona kilichofanywa. Kompyuta haiwezi kuligundua jambo hilo. Kwenye taarifa zake mwanafunzi huonekana amekamilisha. Fedha za mipango kama hiyo huelekea kwenye mashine, kwa sababu mashine huonekana na hupigwa picha siku ya ufunguzi. Saa za msimamizi hazipigwi picha.

Baada ya kompyuta zikaja simu za mkononi. AMREF na washirika wake walianzisha nchini Kenya mpango wa Leap, uliowafundisha wahudumu wa afya wa jamii kwa ujumbe mfupi na sauti, hata kwenye simu ndogo zisizo na intaneti. Kwa wauguzi na wakunga likafuata somo la simu liitwalo Jibu. Kwa upande wa Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ilishirikiana na kampuni ya simu ya Airtel mwaka 2016 kuanzisha VSOMO, iliyotoa kozi fupi za ufundi kama umeme wa majumbani. Utaratibu wake unastahili kuangaliwa na walimu. Mwanafunzi alisoma nadharia kwenye simu yake popote alipo, akajibu maswali. Alipofaulu hapo hakupewa cheti. Alipelekwa kwenye karakana ya VETA kufanya kazi kwa mikono mbele ya mwalimu, na cheti kilingoja huko.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kulipima jambo hili katika darasa lolote kwa vipande vya kamba vya urefu wa mkono mmoja. Gawanya darasa katika makundi mawili yaliyo sawa. Yote mawili yajifunze fundo bapa, lile linalotumiwa na skauti kufungia bandeji: ncha ya kulia hupita juu ya ya kushoto na kuzungushwa, kisha ncha ambayo sasa iko kushoto hupita juu ya ya kulia na kuzungushwa tena.

Kundi la kwanza lipewe maelezo hayo na mchoro ubaoni, liyasome na kuyarudia kwa dakika 10 bila kushika kamba. Kundi la pili lipewe dakika 2 za maelezo na mchoro, na dakika 8 za kufunga wawili wawili, mmoja akifunga na mwenzake akisahihisha. Waulize wanafunzi wa kila kundi, kabla ya kuendelea, ni wangapi wanaoamini kwamba watalikumbuka fundo hilo, na uiandike hesabu yao. Kisha kusanya kamba zote, futa ubao, na usilitaje jambo hilo tena.

Baada ya wiki moja, bila kuwaonya, mpe kila mwanafunzi kamba na sekunde 30. Fundo lililofungwa sawasawa hulala bapa na hukaza linapovutwa. Lililokosewa husimama upande na kuteleza. Hesabu yaliyoteleza katika kila kundi, uyalinganishe na hesabu ya wale walioamini kwamba watakumbuka.